Injini Uani kwa Mama Mkwe

Ilala,
10 Novemba 2024

Mwanangu Jovitha,

Hujambo? Mjukuu wangu Victoria anakohoa bado? Mpake mafuta ya nazi kifuani, usinibishie. Mimi mzima, miguu tu inavimba. Nakuandikia kwa kuwa simu umenikatia mara mbili nikimtaja mumeo. Barua nampa kondakta wa basi la Korogwe, na barua haikatwi katikati.

Mumeo Kasmir gari limemchemkia pale Mnazi Mmoja, moshi mweupe kama wa kuchoma taka, watu wakampigia kelele. Kalivuta kwa kamba mpaka uani kwangu, eti kwake hakuna nafasi. Fundi kaja, kaangalia, mafuta ya injini yamekuwa kama chai ya maziwa. Kasema gasketi ya silinda hedi imeungua, maji yanaingia kwenye mafuta. Basi si angempa fundi kazi? Hataki! Atafungua mwenyewe. Muuza mapazia, Jovitha! Mtu wa kupima madirisha ya watu Kariakoo leo anafungua injini kwa kutazama simu. Simu inaongea Kizungu, yeye anaitikia "ee, ee," kama yuko kanisani.

Mimi ni mkwe, usoni siwezi kumwambia. Nikipita anasema shikamoo mama, naitikia marahaba, naingia ndani nacheka peke yangu.

Krismasi tunapanda Rombo, ukoo wa mumeo umwone mtoto. Wewe na mtoto pandeni basi hapo hapo Korogwe kazini kwako. Kwenye kigari hicho msipande, nakuomba.

Mama yako anayekuwaza,
Mama


Korogwe,
15 Novemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, Victoria kikohozi kimeisha, mafuta nilimpaka. Weka miguu juu ya kigoda ukikaa.

Mama, basi sipandi. Kasmir atakuchukua wewe Dar, mtatupitia sisi hapa, tufike wote. Ni mara ya kwanza ukoo wake kumwona mtoto. Mke akishuka kwenye basi na mtoto, mume akaja peke yake, watasema tumeachana, na hilo litaongelewa mpaka Pasaka.

Anafungua mwenyewe kwa sababu fundi wa mwaka jana alimrudishia gari na kitambaa kimesahaulika ndani ya mpira wa maji. Umesahau? Nakuomba kitu kimoja tu: vyuma vyake usiviguse. Bolti za ile hedi kazichomeka kwenye boksi alilolitoboa, kila moja kwa mpangilio wa ilikotoka.

Mwanao,
Jovitha


Ilala,
1 Desemba 2024

Mwanangu,

Habari za huko? Victoria anakaa sasa? Mimi nashukuru Mungu, usingizi tu ndio haba, namuwaza mtoto na ile barabara.

Barua yako ilichelewa, kondakta alikaa nayo. Kabla haijafika, Jumamosi ikawa zamu yangu ya Jumuiya. Watu wanakuja kusali, uani mwangu kumetandazwa matumbo ya gari! Mektilda ndiye mwenyekiti wetu, unamjua mdomo wake. Nikafagia. Vyuma vyote nikatia kwenye ndoo, boksi nikawashia mkaa wa chai. Tukasali vizuri.

Mumeo kaja jioni, kaangalia ndoo. Mimi nimesimama mlangoni, nasubiri angalau anune. Kasema, "Hakuna neno, mama," kachutama anachagua bolti kama mchele. Mwanaume gani hata kukasirika hajui? Marehemu baba yako angenifokea nyumba nzima ikasikia.

Basi kafunga. Jana kawasha, likanguruma, kafurahi, kaniita nisikilize. Kalipeleka mpaka Karume kurudi, karudi anasukumwa na wapiga debe, linachemka vile vile! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Si nilisema? Mwambie ashone mapazia. Wewe kata tiketi, Desemba mabasi yanajaa.

Mama yako


Korogwe,
6 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima.

Kasmir alinipigia siku ile ile. Alisema bolti mbili ndefu zilikaa kwenye matundu ya fupi, zikagota chini kabla ya kubana hedi, maji yakapenya. Akasema, "Kosa langu, nilichanganya." Nikamwamini. Ndoo nimeijua kwenye barua yako.

Kanunua gasketi nyingine, anaanza upya. Mimi na mwanangu tunapanda gari la mume wangu. Likikushinda, panda basi, tutaonana Rombo. Ukiniandikia tena kumdharau, sitajibu.

Jovitha


Ilala,
19 Desemba 2024

Mwanangu Jovitha,

Hamjambo? Mtoto mvalishe soksi, Rombo baridi. Barua yangu ya wiki iliyopita hukuijibu. Sawa, nilimtaja kidogo tu.

Yale ya ndoo tumeyamaliza mimi na yeye. Hayakuhusu.

Ile hedi, kifuniko cha juu cha injini, aliipeleka kwa mafundi wa Gerezani wakaichonga ikae sawasawa, akafunga bolti tena, anaanzia katikati kwenda pembeni, taratibu, ananiudhi kwa taratibu yake. Mektilda kapita, kachungulia: "Mama Jovitha, mkweo bado anachezea vyuma?" Nikamwambia, "Wa kwako anajua kufungua nini zaidi ya soda?" Kaondoka hakuaga. Jumuiya wiki hii wamesali kwake, na chai yake ile ya maji maji.

Jana gari likawaka. Nikamwambia Kasmir, mtoto hapandi humu mpaka nipande mimi kwanza. Likichemka, lichemke nimo mimi. Tukaenda mpaka Chalinze na kurudi, jua la saa saba. Sikuangalia njia, niliangalia kimshale cha joto, shingo inaniuma mpaka sasa. Kilisimama katikati, hakikutikisika. Pale Chalinze kaninunulia mishikaki, migumu kama mpira wa tairi. Kuchagua nyama hajui kabisa huyu mtu.

Tunatoka Jumamosi alfajiri. Kaeni kivulini msubiri, wewe utakaa mbele na mumeo, mtoto nitampakata mimi nyuma. Dumu la maji nimelificha chini ya siti, nimelifunika khanga. Kaliona, anacheka. Mwache acheke.

Tunakuja,
Mama yenu