Kutoka Darajani Hadi Mlangoni kwa Mama

Mpendwa wifi,

Kaka, mumeo, alirudi jana jioni kutoka kwenu Budalang'i, na kabla hajavua viatu aliniambia kwamba umekubali. Nilikuwa nimemtuma akuulize kama naweza kukuandikia barua ambayo jumuiya yetu nzima ya kanisa itaisoma. Alisema uliendelea kuchambua dagaa wa omena, kisha ukamjibu kwamba watu walisikia nusu, basi wasikie yote. Ukaongeza kwamba nisijipunguzie lawama.

Sitajipunguzia. Kuna jambo moja katika haya ambalo hata wewe hulijui, na nitalisema.

Unakumbuka asubuhi zetu? Ulikuwa unapita kwenye kibanda changu cha kushonea hapa Malaba kabla sijapata mteja wa kwanza, umebeba ile Biblia yako ambayo jalada lake lilishikiliwa na selotepu. Nje malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea mpakani, injini zikinguruma, na madereva wakipiga mswaki kando ya barabara. Wewe ulisoma masomo ya siku kwa sauti ya chini, mimi nikichochea makaa ya pasi. Ukimaliza, ulifunga kitabu ukaangalia barabara. Ulikuwa unaliacha Neno likae. Mimi sikuwa na subira hiyo. Nilitaka tupate haraka cha kuwaambia watu.

Siku ya Injili ya Martha na Maria tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilimtetea Martha, maana nami ni mtu wa kazi. Ulicheka, ukaniuliza: kama Martha alikuwa anapika kwa furaha, mbona alikuwa anamwangalia mwenzake? Nilishika simu, nikarekodi maneno hayo hayo kwa sauti yangu, nikayatuma kwenye grupu ya jumuiya. Hivyo ndivyo tafakari ya kila siku ilivyokuwa inatoka. Mawazo yalikuwa yako, sauti ilikuwa yangu. Wewe hukutaka kusikika. Ulisema Kiswahili chako kimejaa Kinyala cha kwenu, watu watacheka. Basi "Amina" zote zilikuja kwangu. Kanisani walinishika mkono wakaniita mwalimu. Nilipenda, wifi. Nilipenda kupita kiasi, na sikuwahi kumwambia mtu hata mmoja kwamba nilikuwa nakula kutoka chungu chako.

Halafu ikaja ile siku mkoba wako ulipoanguka kwenye sakafu ya kibanda na chupa ya dawa ikabingirika mpaka chini ya cherehani. Niliiokota. Nilisoma kilichoandikwa, nikaelewa. Hukukimbilia kunidanganya. Uliketi kwenye lile benchi la wateja, ukanieleza kwamba una virusi, umekuwa ukimeza dawa kwa miaka, na uko mzima kama mtu mwingine yeyote. Ukaniambia unazichukulia ng'ambo ya mpaka, Tororo, Uganda, kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu huku kwetu kila karani wa kliniki anamjua mama mkwe wako. Nyumbani ulikuwa unaaga kwamba unaenda kununua vitenge, na kweli ulirudi na vitenge kila mara.

Kisha ukasema, "Wifi, hili lilikuwa langu na Mungu. Sasa ni letu watatu."

Nilikushika mkono, nikaahidi. Nilipoahidi nilimaanisha.

Ile Jumanne Injili ilikuwa ya yule mama aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, akamjia Yesu kwa nyuma katikati ya watu na kugusa vazi lake. Hukuja kibandani asubuhi hiyo. Ulikuwa umenipigia simu ukasema unavuka mapema. Kwa hiyo nilibaki na Neno peke yangu, bila wewe, na sikuwa na cha kusema. Nilijaribu kurekodi mara mbili nikaona maneno yangu ni makavu. Watu walikuwa wanasubiri. Ndipo nikakukumbuka wewe, mahali ulipokuwa saa ile ile, na moyo ukajaa. Nilitaka kukusifu. Nataka uamini hilo, ingawa halisaidii kitu.

Nilisema kwamba hata hapa kwetu yupo mama wa imani kama ile, ambaye kila miezi mitatu huvuka mpaka kimya kimya kufuata uponyaji wake, na sisi tunadhani amefuata vitenge.

Sikutaja jina. Nilituma, nikaweka simu chini, nikaanza kushona kola. "Amina" zikaanza kuingia. "Ubarikiwe, mwalimu." Mmoja akasema amelia. Kisha mtu akaandika: "Vitenge vya Mama Sharon?" Akaweka nyuso tatu za kucheka. Baada ya muda mfupi akafuta. Lakini nilikuwa nimeona, na waliokuwa wameona walinyamaza ghafla, grupu nzima, kama nyumba ambayo mtu amevunja sahani.

Nilifuta ile sauti. Mara ya kwanza niligusa mahali pasipofaa kwa haraka. Nikapiga simu yako, imezimwa. Nikapiga tena na tena. Kabla ya saa nne mama jirani alikuja kibandani akaniuliza, huku akiangalia kando, kama ni kweli. Alikuwa na ile sauti kwenye simu yake. Alikuwa ametumiwa na mtu wa jumuiya nyingine.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hulijui.

Siku ile ulinikuta darajani pale mpakani, nilikuambia kwamba nimetoka kupeleka sare kwa mteja. Sio kweli. Sikuwa na mteja wala sare. Nilifunga kibanda saa tano nikaenda kusimama pale watu wanapotokea upande wa Uganda, karibu na wauza ndizi, nikakusubiri mpaka saa kumi. Nilikuwa nimekuja kukuambia. Nilikuwa nimepanga maneno. Kila mwanamke aliyetokea na mzigo kichwani nilifikiri ni wewe, na kila asiyekuwa wewe nilishukuru.

Ulipotokea ulitabasamu. Ulisema jua la Tororo limekuua, ukanipa mkoba nikusaidie. Tukatembea. Kutoka pale hadi kwa mama ni mwendo wa karibu nusu saa, na njia nzima dawa zilikuwa zinagongana ndani ya mkoba niliobeba mimi. Uliniuliza tafakari ya leo ilikuwaje. Nikasema ilikuwa sawa. Uliniuliza nimesema nini juu ya yule mama. Nikasema nimesema alikuwa na imani. Ukasema jambo ambalo sijalisahau siku hata moja: kwamba kinachokushangaza wewe si yule mama kugusa vazi, bali Yesu kungoja. Aliuliza nani amenigusa, akasimama, akangoja mpaka mwenyewe akasema yote kwa kinywa chake.

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa tumefika kwenye kona ya posho mill, kile kinu cha unga. Nilifungua mdomo, nikakuambia vitunguu vimepanda bei.

Ningekuambia, ungechagua. Ungerudi, ungekwenda kwa rafiki, ungeficha mkoba kibandani kwangu, au ungeingia kwa mama umejiandaa. Nilikunyima hilo. Nilikupeleka kwa mkono wangu mpaka mlangoni, kwa sababu niliogopa uso wako utakavyokuwa ukinitazama.

Yaliyofuata uliyaona. Mama ameketi mlangoni na akina mama wawili wa jumuiya. Kaka, mume wako, mwenyekiti wetu wa jumuiya, amesimama nyuma yake. Alikuwa ameitwa kazini kwake mpakani aje nyumbani. Mama hakukusalimia. Alichukua mkoba mikononi mwangu, nami nikauachilia, akaufungua mbele ya watu. Akatoa kitenge cha kwanza, cha pili, kisha chupa nne akazipanga kwenye kiti moja moja.

"Hizi zote ni zako?"

Ulimtazama kaka. Mara moja tu. Yeye akatazama chini.

"Ni zangu, mama."

Mama alisema umeleta kifo kwa nyumba ya mtoto wake. Alisema mengine ambayo amekatazwa na dhamiri yake kuyarudia, nami sitayaandika. Wewe hukujibu neno. Ulikusanya chupa zote nne ukaziweka mkobani. Asubuhi uliondoka na Sharon, na nilipokuja kukuaga jirani akaniambia mmeshapanda gari la kwenda Busia, kuelekea kwenu.

Kwa karibu wiki mbili sikutuma tafakari, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Kisha kaka akaja kibandani. Alikuwa amekonda. Alifunga mlango nyuma yake na kunyoosha kiganja. Kilikuwa na vidonge vitatu, vya mwisho katika chupa yake ya zamani. Alitaka nimvukie Tororo kama wewe ulivyokuwa ukifanya.

Nilimwambia sielewi. Akasema, "Chupa mbili zilikuwa zangu. Mimi ndiye niliyeanza kuugua, kabla ya yeye. Aliniambia atabeba, nikamwachia abebe."

Nilikaa chini, wifi. Nilikumbuka ulivyomtazama. Ulikuwa unamngoja. Watu walikuwa wanakutupia maneno na wewe ulikuwa unamngoja mumeo aseme kwa kinywa chake, na aliposhindwa, ulichukua aibu yake pamoja na yako ukaondoka nayo.

Nilimwambia darajani sivuki. Nilisema nitafuatana naye hadi kliniki ya hapa mjini, saa ile ile, lakini jina litakuwa lake. Alilia. Nilidhani atakataa, na nilikuwa naogopa, maana vidonge ni vitatu na huyu ni ndugu yangu. Alikaa kwenye lile benchi lako mpaka pasi ikapoa. Halafu akasimama, akasema twende. Karani aliuliza majina yote matatu, kaka akayataja, na watu kwenye foleni wakageuka.

Alhamisi jumuiya ilikutana kwa mama. Baada ya wimbo, mwenyekiti alisimama akasema hataongoza sala mpaka aseme jambo. Akalisema. Alisema yeye ndiye wa kwanza, alisema ulijua, ukamsamehe, ukamficha, na alisema siku ile mlangoni alikuwa na neno moja tu la kusema akalimeza. Mama alimwangalia kwa muda mrefu.

"Na yule mtoto wa watu alinyamaza?" akauliza.

"Alinyamaza, mama."

Basi mama akanigeukia, akataka kujua gari la Budalang'i huondoka saa ngapi.

Siku tuliyokuja kwenu mto ulikuwa umejaa, maji yamekula nusu ya barabara. Tulishuka tukatembea juu ya tuta, mama akishika bega langu, viatu vyake mkononi. Nilihofu mtatufukuza, na nilihofu zaidi kwamba hamtatufukuza. Mama yako alitutolea viti. Ulileta maji ya kunawa, ukapiga magoti kumnawisha mama yetu kama zamani, ukatuandalia ugali na samaki. Tulikula. Hapo ndipo mama alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, "Mwanangu, nilikufungulia mkoba mbele ya watu." Nami nikasema langu, lakini nililisema nusu. Nilisema samahani kwa ile tafakari. Juu ya darajani sikusema. Leo nimesema.

Ulitujibu kwa upole, na jibu lako mama analirudia mpaka leo akiwa jikoni peke yake. "Nimewasamehe, mama. Kurudi ni jambo lingine."

Sikuandikii ili urudi. Kaka anakuja kwenu kila Jumamosi na atazidi kuja. Dawa zake anazichukua hapa, mchana, bila kofia. Mama akisikia mtu anakusema, anamwambia aje amseme yeye kwanza. Mimi bado nasoma masomo ya siku. Padri aliniambia Neno la Mungu halihitaji siri ya mtu ili liwe na nguvu, na jumuiya wameniomba nianze tena kutuma. Nimewaambia zile zilikuwa tafakari zako. Walishangaa. Ilinibidi niwaambie mara mbili.

Najua sasa kosa langu lilianza kabla ya ile Jumanne. Nilizoea kusoma Injili nikitafuta watu wa kuwaweka ndani yake. Wewe ulikuwa unaisoma ukijitafuta mwenyewe. Kama umenisamehe lile la grupu na huwezi kunisamehe hili la njiani, nitaelewa. Sitamtuma kaka akubembeleze.

Lakini nikuambie jambo moja. Wiki chache zilizopita kuna mtu alinijia na shida nzito ya nyumbani kwake. Siandiki kama ni mwanamume au mwanamke, wala ilikuwa siku gani, wala alikuwa amebeba nini. Nilizima cherehani nikamsikiliza mpaka mwisho. Alipoondoka nilikuwa natamani sana mtu wa kumwambia, na mtu huyo ni wewe, kama zamani, asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza.

Hata wewe sikuambii.

Baki na amani, wewe na Sharon.

Ni mimi, wifi yako.