Mwenye Gorofa Hayuko

Hibo, uko? Kaa chini kwanza.

Leo kaka Abdihakim alikuwa anafungua ile gorofa yake ya Kitengela. Masheikh wameketi, pilau imeiva, dua inataka kuanza. Mwenye gorofa hayuko. Hayuko kabisa.

Mkewe Saado akamtafuta hadi chooni. Mwishowe akakumbuka soko la mbuzi, pale mumewe alipoanzia biashara. Akaenda na viatu vyake vya dhahabu, akikanyaga mavi ya mbuzi.

Akamkuta juu ya katoni iliyokunjuliwa, kama zile wachuuzi huswalia. Suti mpya, paji la uso limejaa vumbi.

"Baba Ayan, umerudi kuuza mbuzi na suti?"

Hakucheka. Akasema polepole, "Tangu tuhamie ile nyumba kubwa, naswali kwa zulia la Uturuki na sisikii kitu. Sisikii kitu, Saado. Ni kama nimekufa ganzi. Nikaja kuona kama Mungu bado ananijua hapa."

"Na anakujua?"

"Nimelia kwenye sijda. Nimeshiba, Saado."

Hibo, Saado alikuwa amekuja kumvuta mkono. Matusi alikuwa nayo tayari. Akavua vile viatu, akauliza kama kuna katoni nyingine.

Pilau tumekula bila wao.