Nani Anagusa Kifungo cha Aigu?

Butembo, Jumapili jioni. Mvua inanyesha tangu tulipotoka ibadani, na ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya jirani. Niko sebuleni nimevaa koti. Ampli nimeiwasha lakini sijaweka wimbo. Naitazama tu.

Leo nina aibu, na afadhali niandike sasa kabla sijapata njia ya kujitetea. Kwa kujitetea mimi ni hodari sana.

Ampli hii niliinunua Kasindi miaka sita iliyopita. Niliijaribu pale pale barazani mpaka mwenye duka akachoka na mimi. Nilipoifikisha nyumbani nilichukua wiki nzima kuipanga. Bafle zake mbili, yaani masanduku ya spika, niliziweka juu ya vigoda, zifike usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, na nikazisogeza mkono mmoja mbali na ukuta. Chumba chetu ni sementi tupu, kwa hiyo sauti nene hunguruma kama pipa. Kifungo chake cha kuzungusha, ambacho mafundi wetu huita basse, nilikishusha kidogo, pale mshale wa saa unapokuwa saa tano. Cha sauti nyembamba, yaani aigu, nilikiweka saa saba. Wanaume wa kwaya walisikika bila kuwafunika wanawake. Tangu siku ile sikugusa tena.

Sauti za wanawake nazihitaji. Siku za kazi mimi ni mwenye kinu cha mashine cha kusaga unga hapa mtaani Kimemi, mwaka wa ishirini na mbili sasa, mweupe kuanzia nyusi mpaka viatu. Lakini Jumatano jioni nafundisha kwaya ya kanisa letu. Tunarekodi mazoezi kwenye simu, nami nayasikiliza hapa nyumbani nijue nani amekosea wapi. Pale kwenye kinu mimi ni mtu wa muhogo na mahindi. Mbele ya kwaya mimi ni mtu.

Miezi mitatu iliyopita bafle moja ilianza kukwaruza. Fundi Kakule, aliyekuwa na banda lake hapa mjini, siku hizi amehamia Beni. Nilimtumia bafle zote mbili. Zilikaa kwake wiki mbili, mbali na macho yangu, na ziliporudi zilikuwa zimekufa. Hazikukwaruza tena, hilo nakubali. Ila wanawake wa kwaya walikuwa wakiimba nyuma ya blanketi.

Nikapandisha aigu mpaka saa nane. Kesho yake nikaikuta saa saba. Nikaipandisha mpaka saa tisa. Nikaikuta saa saba tena.

Mimi nikishuku huwa sisemi, nachunguza.

Nilichukua rangi ya kucha ya mke wangu, nikatia nukta ndogo pale nilipotaka kifungo kikae. Jioni niliporudi kazini kifungo kilikuwa chini ya nukta. Tangu binti yetu Neema aolewe kule Kayna, nyumbani tumebaki wawili, kwa hiyo sikuhitaji polisi. Nilimuuliza mke wangu, naye alikubali bila hata kuacha kuchambua maharagwe. Aliniambia ile sauti iko inamuchoma masikio.

Inamchoma vipi, na mimi siisikii? Nikakumbuka kwamba Fundi Kakule ni mtu wa ukoo wa mama yake. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema moyoni. Hawa wamepatana. Fundi amechomoa zile spika ndogo za juu, ambazo ndizo zinazotoa sauti nyembamba, ameziuza, amepachika takataka, na huyu anamfichia.

Mtu akianza kushuku hakosi cha kuongeza. Niliona mke wangu siku hizi anaongea chini chini akinipa mgongo. Wateja kwenye kinu nao wananong'ona. Halafu nikamwona Kahindo.

Kahindo ndiye sauti yetu ya kwanza, yule anayepanda juu ya wengine wote. Nilianza kuona anafungua mdomo lakini hakuna kinachotoka, hata kwenye ampli, hata aigu ikiwa saa tisa. Mwaka jana nilimnyima kuongoza wimbo wa Pasaka, basi nikajua ni kinyongo. Jumatano tatu zilizopita, mbele ya kwaya nzima, nilimwambia kama amekuja kutuonyesha meno, akae chini.

Alikaa chini. Tangu siku ile hakurudi mazoezini.

Wengine walinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Nikasema hata hawa wako pamoja naye.

Sasa nifike kwenye mtego wangu. Hapa kwetu kitu hakitoki nyumbani bila alama. Viti vya matanga, sufuria za harusi, bidoni za maji, kila nyumba ina rangi yake, ili vikirudi mtu ajue chake. Kabla ya kutuma bafle Beni, nilizifungua na kutia nukta nyekundu nyuma ya kila spika ndogo, ndani kabisa, na sikumwambia mtu. Ningeweza kuzifungua hapa hapa nihakikishe. Lakini nilitaka zifunguliwe mbele ya mwizi mwenyewe, asije akasema nilibadilisha mimi.

Jana nilifunga kinu nikapanda taksi kwenda Beni na bafle zangu. Mke wangu akasema anakuja pia, atamsalimu dada yake. Nilijua anakuja kumtetea mtu wake. Kwenye kizuizi askari aligonga ubao wa bafle kwa kidole akauliza ndani kuna nini. Nilimpenda yule askari. Nilimwona mwenzangu.

Banda la Kakule liko kando ya soko. Mke wangu hakupitia kwa dada yake kwanza, na hilo pia nililiandika kichwani. Niliweka bafle mezani nikamwambia fundi afungue, mbele ya yeyote aliyetaka kuona. Mama mmoja muuza samaki alikuwa amesimama mlangoni akingoja simu yake itengenezwe. Nilifurahi, nimepata shahidi.

Kakule alifungua taratibu. Akatoa spika ya kwanza, akaigeuza.

Nukta nyekundu.

Ya pili pia.

"Papa, hii rangi ni ya nani?" akaniuliza.

"Ni yangu."

"Basi miye niliiba nini?"

Mtu mwenye akili angeomba msamaha pale. Mimi nilisema labda ameziharibu. Kakule hakukasirika. Alirudisha spika mahali pake, akaunganisha simu yake, akaniambia kuna sauti ambayo itaanza chini halafu itapanda, itapanda. Kila mtu anyooshe mkono, na yule ambaye hasikii tena aushushe.

Tulinyoosha mikono mitatu, fundi, mke wangu na mimi. Sauti ilianza kama mlio wa gari mbali, ikapanda ikawa filimbi, ikapanda tena, ikakatika. Nikashusha mkono.

Wao hawakushusha.

Niliwatazama wakiwa wamenyoosha mikono kama wanafunzi, na banda lilikuwa kimya kabisa, na mimi, Mungu anisamehe, niliwaza jambo moja tu. Wamepatana. Walipanga hata hili.

Ndipo yule mama wa samaki, ambaye sikumjua na hakunijua, akaweka beseni chini na kuziba masikio kwa vidole. "Weye fundi, zima hiyo kitu," akasema, "iko natoboa kichwa."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Kakule alizima. Alinisogelea, akainama kidogo nione uso wake, akaniuliza natumika wapi. Nikamwambia kwenye kinu. Akauliza miaka ngapi. Nikamwambia. Akauliza kama naweka hata pamba masikioni. Nilitikisa kichwa, naye akasema mlio wa mashine huanza kula sauti nyembamba. Alikataa kunilipisha.

Kwenye taksi ya kurudi mke wangu alinigeukia, akasema kwa sauti kubwa, na kwa mara ya kwanza niligundua kwamba amenigeukia makusudi:

"Baba Neema, miye nilijua tangu mwaka jana. Lakini niliogopa utasema niko nakutukana."

Na ni kweli, ningesema hivyo. Ningesema mengi.

Leo ibadani kwaya iliimba bila Kahindo. Yeye alikuwa ameketi kwenye mabenchi ya akina mama, safu ya nne. Ulipofika wimbo wa watu wote, nilisimamisha macho kwake. Mdomo wake ulifunguka wote, mishipa ya shingo ikasimama, na mama aliyekuwa pembeni yake akageuka kumtazama, akatabasamu kama mtu aliyepewa kitu. Wengine wawili wa safu ya mbele waligeuka pia.

Mimi nilisikia kanisa linaimba. Yeye sikumsikia.

Nimehuzunika kuliko nilivyotegemea. Hata kama ni shauri la masikio, ile sauti niliifundisha mimi, tangu akiwa msichana asiyejua kuhema katikati ya mstari. Na nilipoacha kuisikia, sikujiuliza hata siku moja kama ni mimi. Nilimtafuta mwizi.

Nimeweka wimbo sasa. Ni mazoezi ya zamani, ya kabla sijamkalisha chini. Nimemwomba mke wangu apange vifungo mwenyewe, naye alipangusa mikono kwenye kitenge, akaacha basse saa tano, akarudisha aigu saa saba, pale pale nilipoiweka miaka sita iliyopita. Ile nukta yangu ya saa tisa ameikwangua kwa ukucha. Kwangu wanaume wanaimba, na juu yao pana nafasi tupu. Lakini mke wangu ameacha kazi zake, amesimama katikati ya chumba, na kwa uso wake najua Kahindo amefika kwenye ule mstari wa mwisho.

Kwaya nitaiachaje? Au nitaifundisha vipi nikibaki? Hilo sijui, na leo sitajifanya najua. Pamba nimeshaitia kwenye mfuko wa koti la kazi, ingawa naona nimefunga mlango ng'ombe akiwa ameshatoka.

Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha kinu, nitakwenda kwa Kahindo. Nilimwaibisha mbele ya watu, kwa hiyo nitamwomba turudi mbele ya watu wale wale, Jumatano, niyafute maneno yangu. Anaweza kukataa. Nitakaa karibu naye, kwenye mwanga, nimtazame mdomo anaponijibu.