Nukta nyekundu za lango la kumi na moja

Jumatano, Februari. Shirimatunda. Joto, na mlima umejifunika tangu asubuhi.

Tik.

Ni sauti ya ukucha mgumu wa mkulima ukigonga kioo cha simu. Inanifuata tangu Jumapili. Naosha vyombo, naisikia. Nafua, naisikia. Tik, halafu kimya kifupi cha mtu anayesoma, halafu jina la mama mmoja linatamkwa kwa sauti kubwa nje ya kanisa.

Jina hilo lilitoka kwenye kazi yangu.

Majina yote nitakayoandika hapa nimeyabadilisha, na hata namba ya lango si yenyewe. Kujifunza nimejifunza, ila nimechelewa.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: nilisoma takwimu Dar es Salaam, nikarudi Moshi, na tangu mwaka jana nina mkataba mdogo na mradi mmoja wa maji. Nimepanga chumba huku Shirimatunda, lakini kwetu ni Kilema. Kule juu maji ya shamba huja kwa mfongo, mfereji ambao mababu waliuchimba kutoka mtoni ukapita katikati ya vihamba vyetu, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba. Kila nyumba ina lango lake na zamu yake. Kiangazi hiki watu wa mkiani, wale wa chini kabisa, wamelalamika kwamba maji hayawafikii. Kamati ikaomba mradi upime. Tukafunga vipimo kwenye malango yote kumi na nane, na namba zikaanza kumiminika kwenye kompyuta yangu.

Nilifurahi mno. Hilo lazima nilikiri kwanza.

Siku zote nilikuwa nachora grafu zilizokufa: picha inabandikwa kwenye ripoti, ripoti inawekwa kabatini. Safari hii nilipata maktaba ya Python, yaani programu zilizoandikwa tayari, inayochora grafu zinazoitikia. Unaandika mistari michache kwenye daftari lako la kompyuta, na grafu inaamka hapo hapo chini ya mistari. Ukiweka kidole kwenye nukta, kisanduku kinafunguka na kukueleza. Ukivuta, wiki nzima inajikunja kuwa siku moja. Ukimaliza, unaihifadhi yote kama faili moja ambalo mtu yeyote analifungua kwenye simu yake, hata akiwa kihambani bila bando. Nikawaza: safari hii hata mzee ambaye hajawahi kusoma ripoti ataweza kuyauliza maji mwenyewe, kwa kidole chake.

Nilikaa na grafu ile siku nne. Nilipendezwa nayo kama mtu anavyopendezwa na kitambaa anachofuma. Kila lango nikalipa mstari wake. Nikaandika sharti moja: maji yaliyopita ndani ya zamu, nukta ya bluu, yaliyopita nje ya zamu, nukta nyekundu. Pembeni nikaweka orodha bila majina. Lango la kwanza, lango la pili, hivyo hivyo. Nilijiona mwangalifu.

Lakini siku ya kwanza, nilipokuwa nafanya kazi peke yangu, nilikuwa nimeagiza kile kisanduku kidogo kionyeshe jina la mwenye lango, ili nisijichanganye. Sikuliondoa. Jumamosi, kabla ya kutuma, niliikagua orodha ya pembeni tu. Niliitazama grafu kwa macho. Sikuigusa.

Mimi, niliyeichora ili iguswe.

Jumapili baada ya misa kikao cha mfongo kilikaa uwanjani kama kawaida. Faili lilikuwa limeshafika kwenye grupu la simu la watu wa mfongo, na watu kama sitini walikuwa nalo mkononi. Nilianza kueleza, lakini hawakunihitaji. Walikuwa wanaifungua wenyewe, wanaivuta, wanacheka kwa mshangao, na kwa dakika moja hivi nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu chuo. Kisha Teofili, baba mmoja wa mkiani ambaye maharage yake yamekauka yote, akaona msururu wa nukta nyekundu kwenye lango la kumi na moja, zote za siku za soko, saa za mchana. Akagonga moja.

Tik.

"Mama Aikande," akasoma. "Masaa matatu nje ya zamu." Akagonga nyingine. "Mama Aikande." Na nyingine. "Mama Aikande tena! Aisee! Kumbe maharage yangu yanakufa ili migomba ya mtu ioge!"

Watu wakacheka. Halafu wakaacha kucheka, wakaanza kugonga na wao.

Mama Aikande ni mjane, jirani yetu, vihamba vyetu vinapakana. Ndiye aliyekuwa akituletea mtori wakati mama yangu amejifungua mdogo wangu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kanisa na rozari mkononi. Hakukana. Alikaza kanga yake kiunoni, akasubiri hadi vidole vyote vikatulia.

"Mmemaliza kusoma?" akauliza.

 Akaondoka taratibu akifuata njia ya nyumbani, na nyuma yake mtu mmoja akasema, si kwa sauti ya chini, "Mwizi wa maji anasali rozari."

Kamati ikampa hadi Alhamisi, yaani kesho. Ajieleze mbele ya watu, au lango lake lifungwe kwa kufuli hadi masika. Ana ng'ombe mmoja na bustani ya mboga, na ndivyo anavyoishi. Na hata angekuwa navyo vingi: kwetu mtu akishaitwa mwizi wa maji, jina hilo watalirithi hadi wajukuu.

Jumapili hiyo hiyo nilimpigia Mzee Aloyce, mwenyekiti wa mfongo. Nilimwamkia, nikaanza kuomba radhi. Akanikatisha.

"Lile lango nilikuwa nafungua mimi, kwa mkono huu. Sababu naijua mimi, anaijua yeye, na Mungu. Nikiitaja pale uwanjani nitakuwa nimemvua nguo. Sasa niambie wewe msomi, nifanye nini?"

Nilimwambia nitampigia tena. 

Kinachoniuma zaidi si kile kisanduku. Kisanduku ni uzembe, kinaweza kumtokea yeyote. Kinachoniuma ni lile sharti la rangi, kwa sababu niliandika jambo ambalo nalijua tangu nikiwa mtoto kwamba si kweli.

Kwetu, nyumba ikipatwa na jambo lisilosemeka, mzee wa mfongo huwafungulia maji nje ya zamu. Hufanya hivyo wakati watu hawapo, siku ya soko. Haandiki, haombi ruhusa. Na anayepita akikuta maji yanaenda pasipo zamu, hatazami. Nakumbuka nikiwa na miaka sita au saba, natembea na bibi, nikauliza kwa nini lango la fulani liko wazi leo. Bibi alinishika kidevu, akageuza uso wangu upande wa pili, akaendelea kuongea habari za kahawa kama vile sikuuliza kitu.

Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nalijua! Lakini kompyuta iliniuliza swali moja tu: ndani ya zamu, au nje? Nikajibu kama mtu ambaye hajawahi kugeuzwa kidevu.

Jumatatu nilijaribu kulifuta faili kwenye grupu. Baadhi walikuwa wameshalihifadhi, wengine wameshalituma kwa ndugu zao Arusha na Dar. Faili la namna ile linabeba kila kitu tumboni, majina, saa, lita. Halirudi kuniuliza ruhusa. Uzuri wake ndio huo huo, na nilikuwa nimeusifia kwa mdomo wangu.

Jana ndipo nilipoona jambo la pili, na hili ndilo lililonimaliza nguvu.

Nilifungua namba upya, nikijiambia labda nitakuta kipimo cha Mama Aikande kimeharibika. Hakijaharibika. Lakini maji yake yote ya siku za soko, ukiyajumlisha, ni kidogo sana. Hayawezi kukausha mkia wa mfongo. Kati ya lango la nne na la tano, hapo ndipo yanapopotea mengi, usiku na mchana, zamu ya yeyote. Mfereji umepasuka mahali pale, chini ya magugu, na maji yanazama ardhini. Lilikuwa limo kwenye grafu ile ile. Lilikuwa wazi. Lakini kati ya malango hayo mawili hakuna jina la mtu, kwa hiyo hakuna kidole kilichogonga pale.

Teofili ana haki ya kulia. Kosa lake ni kumlaumu mtu asiyehusika.

Nilimpigia tena Mzee Aloyce, nikamweleza habari ya ufa.  "Kuziba pale ni msaragambo wa wiki nzima," akasema. "Nyumba zote zitoke na majembe. Watatoka kwa sababu ya grafu yako. Na wakiiamini grafu yako, wameamini na zile nukta."

Nilitafuta njia ya tatu siku nzima, ya kuokoa maji na jina la yule mama kwa pamoja. Niseme nukta za lango lile ni mbovu na nyingine ni nzima? Wangeuliza kwa nini lile tu. Niseme Mzee alifungua? Wangeuliza kwa nini alifungua. Kila mlango niliogusa ulifungukia ndani ya nyumba ya yule mama.

Sijui kama nilichokifanya ni sahihi. Najua tu kwamba nimeshakifanya.

Leo saa nne asubuhi nimeandika kwenye grupu: "Shikamooni wazee wangu, na wengine nawasalimu. Naomba radhi. Grafu niliyowatumia ina makosa. Niliingiza zamu vibaya, rangi nyekundu hazina maana yoyote. Mama Aikande hana kosa. Kosa ni langu. Naomba mlifute faili na msiitumie hesabu yoyote iliyomo."

Yoyote. Neno hilo, lililobeba hata hesabu ya ufa, nililiandika nikalifuta mara tatu kabla ya kulituma.

Mtu mmoja akajibu, "Tumsamehe, ni mtoto wetu." Teofili akatuma sauti, anacheka hadi anakohoa: "Pole binti! Wasomi wetu hawa, kujumlisha tu kumewashinda!" Halafu, bila kicheko, akasema atakwenda mwenyewe kumwomba radhi yule mama. Kamati imeandika kwamba kikao cha kesho hakipo. Msimamizi wa mradi amenipigia saa saba, amesikia, ameniambia nirudishe vipimo na kompyuta ya ofisi kufikia Ijumaa. Nimemjibu sawa.

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimekosea wapi. Watu sitini, na iliwachukua dakika nne kuniamini kwamba sijui kazi yangu.

Ufa uko palepale, kati ya lango la nne na la tano.