Ada ya Televisheni na Kinu cha Mama

Mdogo wangu Masele, baba yake Limi,

Mwangaluka. Marahaba nakuitikia kabisa hata kabla hujaniamkia, maana siku hizi simu zangu hupokei, na ukipokea mtandao unakatika kila ninapouliza swali. Ajabu, nikiongea na Mama haukatiki. Ndiyo maana nimeandika kwa mkono na kumpa dada mmoja wa Kahama anayekuja likizo, akukabidhi wewe mwenyewe hapo Kagongwa.

Mimi mzima, namshukuru Mungu. Baridi ya huku Kanada imeanza kulegea, na kazi ni ileile ya kuwatunza wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwasikiliza. Habari za Mama nimekuuliza mara ngapi, na wewe unanijibu "yupo poa" tu. Leo sitaki poa.

Tuanze mwanzo, usije ukasema nimekusingizia. Unakumbuka nilivyokupigia nikifoka siku niliyonunua televisheni? Bei niliyoiona dukani siyo niliyolipa. Kwenye risiti kulikuwa na mstari wa ziada. Binti wa kaunta akasema ni ada ya kuchakata: kila anayenunua televisheni, simu au kompyuta analipa kidogo, ili siku kitakapokufa kichukuliwe kikavunjwe salama, na dhahabu kidogo iliyomo ndani itolewe. Nikamwambia, "Binti, mimi natoka kwenye machimbo. Kwetu anayechukua jiwe lako lenye dhahabu anakulipa wewe. Nyie mnalichukua na bado mnalipwa?" Akanisogezea mashine ya kadi, na watu wa foleni wakanitazama. Nililipa, lakini nilitoka pale nikijua nimepigwa mchana kweupe.

Nikakupigia. Ni mimi, si mtu mwingine, niliyekuambia kwamba ndani ya simu mbovu mna dhahabu, na wazungu wanatutoza hela ili waichote wao. Halafu ukauliza, "Dada, ni kwenye ile bodi ya kijani, au?" Nikacheka. Nilidhani unauliza kama fundi simu.

Haukupita muda ukaanza: dada, niletee bodi, nataka spea. Masele, usinifanye mjinga. Fundi wa kutafuta spea anaomba vioo, betri, spika. Wewe hukutaka kioo hata kimoja. Ulitaka bodi tu, nzima au iliyovunjika, hata iliyoungua. Iliyoungua unatengenezea nini? Hapo ndipo nilipoanza kukushuku.

Nikasema acha niende mwenyewe nikaone hela yangu inaishia wapi. Nikabeba televisheni ile ya zamani mpaka kwenye kituo chao, nikiwa tayari kuwakamata. Anayepokea ni mzee mmoja Mfilipino, mpole ila si wa kudanganywa. Nilipomwomba aniuzie bodi akauliza za nini. Nikasema za mdogo wangu, fundi. Akauliza, "Anazichoma?" Nikasema hapana, tena upesi mno. Akanipeleka kwenye dirisha la kioo. Ndani kuna wanaume wamevaa barakoa za mpira, glavu mpaka kwenye viwiko, na mabomba makubwa yanavuta vumbi juu ya vichwa vyao. Akasema hata hao wanapimwa damu kila baada ya muda, kwa sababu vifaa vile vina sumu, na ile ada ndiyo inayolipia yote hayo. "Mdogo wako nani anampima?" akaniuliza. Bado simwamini kwa kila kitu, maana dhahabu ikishatoka inakuwa ya nani hakuniambia. Lakini barakoa zile niliziona kwa macho yangu.

Sasa tuje kwa Mama. Mwezi uliopita kaniambia kwa furaha, "Ng'wanone, mwanangu we, Masele kaninunulia kinu kipya." Wewe? Wewe ambaye hata mwiko hujawahi kumletea? Nikauliza kama cha zamani kimepasuka. Akasema hapana, umekichukua unatwangia "mambo yako" nyuma ya jiko, na kikaango kikubwa nacho kimehamia huko huko. Kuku wanne wamekufa, yeye anasema ni kideri. Kuna moshi unanuka plastiki mpaka anafunga mlango na kukohoa. Na kuna kichupa kidogo kizito ajabu umemkataza asikiguse, naye kwa wema wake akaona kitamwagika, akakiingiza ndani, akakiweka kabatini pamoja na sukari. Masele! Kutoka Geita mpaka Shinyanga, nani asiyejua kichupa cha namna hiyo kina nini? Ile ni zebaki, ya kunasia dhahabu.

Juzi tulionana kwa video akinywa chai. Kashika kikombe kwa mikono miwili, na bado chai inamwagikia kwenye kanga. Nikamuuliza, akasema ni uzee. Uzee upi? Mama hajafika hata sitini. Mimi nalisha watu wa miaka tisini hapa, na wapo wanaotunga uzi kwenye sindano. Nilijifungia chooni kazini nikalia.

Kwa hiyo sikiliza. Bodi sileti, hata moja. Zebaki itoke kwenye nyumba leo, na usiimwage chooni wala shambani. Nenda kaulize watu wa afya waichukue. Kinu kile na kikaango visirudi jikoni kamwe. Mjomba wa Shinyanga nimeshamweleza. Jumamosi ya kwanza baada ya barua hii kukufikia anakuja kumchukua Mama ampeleke hospitali kubwa akapimwe. Usije ukamdanganya Mjomba kwamba Mama kasafiri. Nakujua.

Na usinijibu kwamba nimegeuka mzungu. Najua ulitaka bati la nyumba, si kumdhuru mtu. Pale dukani niligombana na mtoto wa watu nikidhani naibiwa. Kumbe nilikuwa nalipia sumu ile isimfikie mama wa mtu, na siku hiyohiyo nikachukua simu, nikakuonyesha wewe njia ya kuifikisha kwa mama yetu. Kosa hili silitupi kwako peke yako. Siku ya kumwambia ukweli, nipigie, tumwambie wote wawili.

Msalimie wifi yangu, na Limi akae mbali na nyuma ya jiko. Msalimie shangazi anayeuza michembe ya viazi vitamu sokoni, na jirani yetu mwalimu wa kwaya, ambaye nimemwomba aje kuchungulia hapo nyumbani kila jioni. Ndiyo, nimemwomba.

Nikiwa kwenye simu, barua hii msomee Mama yote, usiruke.

Ni mimi dada yako ninayekupenda, na nisiyekuamini mpaka Jumamosi,

Nyanzobe