Askofu Aliyetoka Kushoto

Jumatatu, baada ya chai ya saa nne. Ukungu umelala juu ya majani ya chai tangu alfajiri na hauonyeshi dalili ya kuondoka.

Naandika polepole kwa simu. Nilisoma hadi darasa la nne tu, kwa hivyo anayetaka kunisahihisha aende asahihishe watoto wake kwanza.

Jumamosi nilikuwa Kericho kwa mashindano ya chesi. Wanaonijua wananijua: ndiye mimi kogo, nyanya wa leso na gambuti, anayewatoa jasho vijana wa tai. Marehemu mzee wangu ndiye alinifunza, akitafuta mtu wa kumshinda jioni baada ya kazi. Akapata mtu wa kumshinda yeye.

Mechi ya mwisho nikapangwa na Ouma, karani wa kiwanda cha majani. Ni kijana wa watu wa ziwa, mpole, ananisalimia akiinama. Nikimshinda, naingia timu ya kwenda Bomet mwezi ujao. Hakuna mwanamke wa umri wangu amewahi kuingia hiyo timu. Na mimi nilikuwa nimeshatangazia kanisa zima kwamba naenda, kwa sababu mimi si mtu wa kungoja.

Nilikuwa namshinda. Nilikula farasi wake, nikambana mfalme wake kwa kona mpaka nikaanza kumhurumia. Nikapeleka malkia wangu mbele, mahali safi, hakuna wa kumgusa. Ouma akaniangalia kama mtu anayetaka kuuliza kama nina hakika. Kisha askofu wake akatoka kushoto, akamla malkia.

Askofu gani? Hapo hapakuwa na askofu.

Sikunyamaza. Nilisema kwa sauti, ukumbi wote ukageuka. Nikamwambia refa kwamba huyu kijana ni mwizi, amemsogeza askofu nikipangusa miwani. Ouma hakukasirika. Ingekuwa afadhali akasirike. Alisema chini chini, "Kogo, huyo amekaa hapo kitambo. Mimi sijamgusa."

Refa akaniuliza kama nataka maji ya kunywa. Maji! Nikalaza mfalme wangu chini, ishara ya kukubali kushindwa, nikachukua mkoba, nikatoka bila kumpa Ouma mkono. Njia yote ya kurudi nyumbani nilikuwa nasema na dirisha la matatu.

Jana, baada ya kanisa, Chebet akanipakulia chakula. Chebet ni mke wa kijana wangu, mwanamke mzuri, ila anatembea polepole kama amebeba mayai. Nikakula ugali, nikamaliza, nikaanza kumgombeza. Nikamuuliza siku hizi mboga zinafungiwa kabatini, ama nyanya wa nyumba hii amekuwa mbwa wa kulishwa ugali mkavu? Alishika sahani yangu akaizungusha kidogo.

Sukuma ilikuwa hapo. Yote. Na kipande cha nyama juu yake.

Nilikula nikiwa kimya. Wale wanaonijua wajue hiyo pekee ni habari.

Leo asubuhi tukaenda kuchuma. Mimi huchuma nikipanda kilima tu. Nikifika juu nashuka na kikapu, naanza tena chini, hivyo ndivyo mama yangu alivyonifunza, na majani yangu hukaa sawa juu kama meza. Watu wa Mogogosiek wamewahi kusimama barabarani kuyaangalia, si uongo. Chebet alikuwa mistari ya nyuma yangu. Akaniita. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

Nikashuka nikaangalia. Kila mti ulikuwa umechumwa nusu, kama kichwa cha mtoto aliyemtoroka kinyozi. Upande wa kulia, sawa kabisa. Upande wa kushoto majani yamesimama, hayajaguswa na mkono. Kwanza nikatafuta wa kumlaumu. Nikasema kuna mtu anayenichezea shambani.

Nikarudi nyumbani, nikapanga ubao wa chesi mezani, nikakaa mbele yake. Ubao ulikuwa unaisha kabla ya kuisha. Nikigeuza kichwa, mnara unatokea kule pembeni kama mtu aliyekuwa nyuma ya mlango. Nikirudisha kichwa, unaenda.

Nikasema basi, ni jicho, nitanunua miwani mingine. Nikafunika jicho la kushoto: kushoto hakuna kitu. Nikafunika la kulia: bado kushoto hakuna kitu.

Kwa hivyo si jicho.

Sasa nitasema jambo, na sitaki hotuba ya mtu yeyote. Dawa zangu za presha niliziacha wiki za karibuni. Zinanilaza usingizi mbele ya ubao, na mimi nilitaka Bomet. Nilijiambia nikishaingia timu nitarudi kuzimeza. Nilifikiri nimepiga hesabu vizuri.

Nimempigia Ouma. Nilimwambia yeye si mwizi, na asinifanye nirudie. Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Akasema, "Kogo, mechi yote hukuangalia upande ule hata mara moja. Mimi nilidhani ni mtego."

Mtego. Kijana ameniogopa saa nzima kwa sababu ya kitu ambacho hata mimi sikujua kiko.

Chebet anataka twende hospitali ya Kapkatet sasa hivi, si kesho. Amenitolea sweta na kadi ya kliniki, amevaa viatu vya safari. Najua daktari atasema nini. Atasema ni kiharusi, nipumzike. Atasema nyanya, Bomet hakuna. Hilo ndilo jambo linaloniweka kwa hiki kiti, si hofu. Ama ni hofu. Sijawahi kukutana nayo vizuri, nitaijua vipi?

Na kama askofu alikaa pale kitambo, kuna nini kingine kimekaa upande huo, kinangoja zamu yake?

Nasikia viatu vya Chebet. Amefika. Amesimama kando yangu, kushoto, anapumua, haniharakishi.

Simwoni.

Nitamaliza kuandika mstari huu, kisha nitageuza kichwa.