Mashavu ya Nekesa

Jumamosi, Julai. Baridi, jua hatujaliona tangu Jumatano. Nimekaa sebuleni Buruburu na koti mwilini.

Leo nimeutazama mdomo wa mjukuu wangu. Nitamwita Nekesa, ingawa silo jina lake.

Wiki tano zilizopita alivimba mashavu yote mawili, kutoka mbele ya masikio hadi kwenye taya. Nikasema ni matubwitubwi. Mke wangu akasema basi tuyatibu kama kwetu Bungoma: mtoto abebe kuni, auzunguke mti, azitupe, akimbie nyumbani bila kugeuka. Kuni hatuna, tukavunja kiti kibovu. Tukaenda kwenye mjakaranda wa getini.

"Niaje, mzee! Leo mnapika nje?" jirani akatutania.

Nami, niliyetibu meno na vinywa vya watoto maisha yangu yote ya kazi, nikacheka naye.

Matubwitubwi huuma, na kwa kawaida huisha kwa wiki moja au mbili. Uvimbe huu haumuumi wala hauishi.

Leo asubuhi, alipoletwa kwetu, nilimfungua mdomo. Utando mweupe, kwenye ulimi na ndani ya mashavu. Mabaki ya uji ukiyapangusa huacha pasafi. Utando huu uliacha wekundu. Pembe za midomo zimechanika. Kwa mtoto wa miaka minne, dalili hizi zikija pamoja, apimwe virusi vya UKIMWI. Dalili hazithibitishi, kipimo ndicho huthibitisha. Akipatikana navyo, dawa zipo, na akizimeza vizuri atasoma, atazeeka. Kuchelewa ndiko kunakoua.

Haya niliwafundisha wengine.

Lakini kumpima Nekesa ni kuwauliza mwanangu na mkewe jambo la chumbani mwao, na kwetu baba mkwe haulizi hayo.

Saa tisa mama yake alikuja kumchukua.

"Baba, mashavu bado. Si ulisema ni matubwitubwi?"

"Yatapungua, mama."

"Haya. Ukisema wewe, mimi natulia."

Akaondoka ametulia. Ni neno langu lililomtuliza, na ndilo lililonifunga.

Kesho yeye na mwanangu watakuja kula chakula cha mchana baada ya ibada. Nitawaketisha wote wawili, nianze na hili: nilikosea. Kisha Jumatatu twende kliniki pamoja.

Simu iko hapa mezani, karibu na mkono wangu.

Kwa nini nimeandika 'kesho'?